Nyota inayoangaza ghafla isiitwe nova kabla ya spektra

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie namna magazeti yetu yanavyotangaza nyota zinazoangaza ghafla. Habari hizo huishia kwenye jina la mgunduzi na ukali wa mwanga, ilhali kinachothibitisha kwamba nyota ni nova, yaani nyota iliyong'aa kwa mlipuko, wala si nyota badilifu, ambayo mwanga wake hupanda na kushuka, iliyofikia kilele chake, ni spektra, yaani nuru yake iliyotawanywa kwa rangi zake.

Nuru ya nyota hupitishwa kwenye prizma, au kwenye kioo kilichochorwa mistari myembamba mno, ikatawanyika kuwa ukanda wa rangi. Nova huonyesha mistari mipana ya hidrojeni inayong'aa, hasa ule mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, ilhali nyota badilifu ya aina ya Mira hutambulika kwa mikanda ya giza ya oksidi ya titani. Upana huo wa mistari ya nova unatokana na mlipuko wenyewe: kibete cheupe, yaani kiini kizito kilichosalia cha nyota iliyokwisha, hunyonya hidrojeni kutoka kwa nyota jirani hadi tabaka lililorundikana linalipuka kinyuklia, na gesi inayorushwa upande wetu huacha ufa wa giza kwenye ubavu wa mstari ulio upande wa buluu. Ufa huo ukisogea nanomita 2.2 kutoka mahali pa kawaida pa mstari huo mwekundu, gesi inatujia kwa takriban kilomita 1,000 kwa sekunde, hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu.

Ushahidi huu si wa juzi. Mwaka 1866, huko Uingereza, mwanaastronomia William Huggins aliona mistari ya hidrojeni iking'aa katika T Coronae Borealis, nyota iliyolipuka tena mwaka 1946 na ambayo mlipuko wake mwingine unasubiriwa.

Sisi wa Mwanza, tulio nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, tunaiona nyota hiyo ya kaskazini, na vilevile tunaliona kundi la nyota la Centaurus kusini, ambako nova ya Desemba 2013 ilionekana kwa macho matupu. Usiku wa giza wanaoupenda wavuvi wa dagaa ndio unaofaa kwa kazi hii, ingawa taa zao zinamlazimu mtazamaji asimame mbali na ufuko. Kwa nova angavu kiasi hicho, kamera yenye kioo cha mistari mbele ya lenzi inatosha.

Ombi langu ni kwamba habari ijayo itaje nani aliyepima spektra, lini, na mistari gani ilionekana. Na kama haijapimwa, gazeti liandike kuwa nyota hiyo inadhaniwa tu kuwa nova.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza