Uulize mwili wako, usiunong'oneze jibu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani Tanga. Mimi na mama yako hatujambo, mvua zimeanza na mchicha wa uani umeshika vizuri. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tunakatizana, na hili nataka ulisome taratibu ukiwa peke yako.

Umesema yule mama aliyekuja kazini kwenu alikunyoosha mkono wa kulia, akakushikisha pakiti ya maharage kwenye mkono wa kushoto, kisha akaukandamiza ule ulionyooka ukashuka. Akakwambia mwili wako unayakataa maharage. Baadaye akakushikisha chupa ya vidonge anavyouza, mkono ukakaza kama boriti. Tangu siku hiyo umeacha maharage na mbaazi. Kila asubuhi unasimama jikoni umekumbatia chakula kifuani: mwili ukiegemea mbele unakila, ukiegemea nyuma unakirudisha kabatini. Na metformini, dawa yako ya kisukari, nayo unaikumbatia hivyo hivyo kabla ya kuimeza, na juzi ukaegemea nyuma, hukuimeza. Niliposikia hapo niliiweka simu mezani, nikashindwa hata kumalizia chai.

Sikulaumu, mama. Nia yako ni njema. Umeambiwa una kisukari mwezi wa tatu huu, na unataka kujua mwili wako unasemaje juu ya kila unachokitia mdomoni. Hilo ndilo swali ambalo mimi baba yako nimekuwa nikijiuliza kwa miaka 11. Ninachokuomba ni ubadilishe namna ya kuuliza.

Mwaka ule wa kwanza nami nilibonyezwa mkono. Ilikuwa mnadani, hukuwepo, ulikuwa shule ya bweni. Nilishikishwa kipakiti cha sukari mkono ukalegea, nikashikishwa kopo la unga wa majani mkono ukasimama. Nilinunua makopo mawili. Niliporudi nyumbani mama yako akasema kitu kimoja tu: "Na ungekuwa hujui umeshika nini?"

Tukalifanyia kazi swali hilo Jumapili ile ile. Tulikuwa na bahasha za kaki. Mama yako akajifungia chumbani, akajaza bahasha 10 sukari na 10 chumvi, kwa uzito ule ule, tulipima kwa mizani ya dukani. Akazifunga kwa gundi, akazipa namba, akazichanganya, akabaki huko huko ndani na orodha yake. Kijana wa jirani, ambaye hakujua kilichomo, akawa ananiwekea moja moja mkononi, na kaka yako akinibonyeza. Kabla ya hapo tulijaribu waziwazi, na mkono wangu uliporomoka kila nilipoona sukari. Niliuhisi udhaifu kabisa, sikuigiza. Bahasha zilipofungwa, tulipatia 9 kati ya 20. Ungerusha shilingi hewani ungepata kama hivyo.

Nilikaa na ile karatasi ya mama yako muda mrefu. Nimefundisha hesabu miaka 31, najua namba inaponijibu.

Baadaye nikasoma asili ya mambo haya. Kupima misuli kwa namna hii kulianzishwa mwaka 1964 na George Goodheart, tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo katika jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1988 watafiti wa huko huko Marekani waliwapeleka watu 11 kwa wapimaji watatu wazoefu, kila mpimaji peke yake, wawapime virutubisho vinne: thiamini, zinki, vitamini A na vitamini C. Wapimaji hawakukubaliana wao kwa wao, na majibu yao hayakulingana na vipimo vya damu. Na kule kuegemea mbele na nyuma kuna maelezo ya zamani zaidi. Mwaka 1852 daktari Mwingereza, William Carpenter, alieleza jinsi wazo tu linavyoweza kuisukuma misuli kidogo kidogo bila mwenyewe kukusudia wala kujua. Ukishaambiwa maharage ni adui, mwili wako utarudi nyuma ukiyashika. Lakini kilichokurudisha nyuma ni lile neno uliloambiwa. Maharage yenyewe bado hayajaulizwa.

Nitakupa mfano mmoja ninaoupenda. Mjini Berlin kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, wa mwalimu wa hesabu mstaafu kama mimi. Ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, anagonga ukwato mara saba. Watu walifurika kumtazama. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst akaonyesha kwamba muulizaji asipojua jibu, farasi naye halijui. Alikuwa anasoma kichwa na mabega ya muulizaji, yanavyolegea pale hesabu inapofika. Yule mwalimu hakuwa tapeli, aliamini kwa moyo wote. Ndiyo maana hata yule mama aliyekuja kwenu simwiti mwongo. Nasema tu kwamba kipimo ambacho mpimaji anajua jibu kabla hajapima, na ana chupa ya kuuza, hakiwezi kukuambia hapana.

Sasa nikueleze kipimo kinachoweza kukuambia hapana.

Mwaka 1969 mhandisi mmoja Mmarekani, Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari tangu akiwa na miaka 12, aliona tangazo la mashine inayopima sukari kwa tone moja la damu. Ilikuwa haiuzwi kwa wagonjwa, ni ya madaktari na hospitali tu. Bahati yake mkewe alikuwa daktari, akaiagiza kwa jina lake kwa dola 650. Bernstein akaanza kujipima mara kadhaa kwa siku na kuona chakula gani kinampandisha na dozi gani inamshusha. Madaktari hawakumsikiliza, mpaka akaamua kuingia chuo cha udaktari akiwa ameshapita miaka 40. Leo mashine hiyo inakaa mfukoni, na iko kwenye duka la dawa lililo karibu nawe. Nikiifikiria safari hiyo huwa nashukuru.

Inafanya kazi hivi. Pima kabla ya kula. Andika. Kula. Pima tena saa mbili tangu tonge la kwanza. Andika. Jibu unalipata kwenye tofauti kati ya namba hizo mbili. Daktari wangu alinipa lengo la kuwa kati ya 4 na 7 (milimoli kwa lita, ndivyo mashine inavyohesabu) kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya saa mbili. Wewe muulize wako, maana lengo hutofautiana kwa umri na dawa. Na usihukumu chakula kwa siku moja. Rudia mara tatu, kiasi kile kile, siku tofauti.

Nimelifungua daftari langu la kwanza nikupe mambo yaliyonishangaza. Sahani mbili za wali wa nazi na glasi ya juisi ya embe: kabla 6.4, baada 12.9. Hilo nililitarajia. Uji wa ulezi bila sukari, kikombe kikubwa: kabla 6.3, baada 12.1. Hilo sikulitarajia hata kidogo, kila mtu alikuwa ananiambia ulezi ni dawa ya kisukari. Nikarudia mara tatu, hadithi ikawa ile ile. Ulezi ni chakula kizuri, lakini ukisagwa laini ukawa uji, mwilini mwangu unakimbia kama maji. Siku hizi nakunywa nusu kikombe pamoja na yai, napanda kidogo tu.

Na maharage, mama. Maharage na mchicha, kipande cha samaki, na wali wa kujaa kikombe kimoja cha chai: kabla 6.6, baada 9.1. Maharage matupu na mboga bila wali: kabla 6.2, baada 7.9. Wanga wake unasagika polepole na yana nyuzinyuzi nyingi. Chakula ulichokatazwa kwa mkono ndicho kilichonibeba miaka yote hii. Sisemi kwako yatakuwa hivyo hivyo kwa namba zile zile. Nasema hujayauliza.

Jambo jingine nililojifunza ni mpangilio. Nikianza na mboga na samaki, nikamalizia na wali, napanda kidogo kuliko nikianza na wali. Na nikitembea dakika 20 baada ya chakula cha jioni, kwenda upande wa Raskazone na kurudi, wali ule ule unaniishia kwenye 8 na kitu. Mama yako hudhani naenda kupunga upepo wa bahari. Yote mawili ni kweli.

Sasa mikono. Siku moja nilikata embe, nikafuta vidole kwa kitambaa, nikapima: 15.8. Moyo ulinienda mbio. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikapima tena kidole kile kile: 7.2. Ilikuwa sukari ya embe kwenye ngozi. Kwa hiyo nawa kwanza, kausha vizuri, toboa pembeni mwa ncha ya kidole ambako hakuumi sana, badilisha vidole. Kopo la stripu, vile vijiti vya kupokelea tone la damu, lifunge papo hapo, unyevu wa pwani unaziharibu, na usiliache kwenye gari juani. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi.

Stripu ni ghali, najua. Usitoboe vidole ovyo kwa wasiwasi. Mimi nilijiwekea swali moja kwa wiki: wiki hii nauliza chapati, wiki ijayo mihogo ya asubuhi. Kwa mwaka unakuwa umeijua meza yako yote. Asubuhi nyingine utakuta namba iko juu na hujala kitu tangu usiku. Usijilaumu, alfajiri ini lenyewe humwaga sukari kuuandaa mwili kuamka. Liandike, umwambie daktari.

Usitegemee kuhisi. Nimewahi kuwa na 13 nikajiona mzima kabisa, nikacheka na watu barazani. Sukari ikiwa juu kwa kiasi hicho mara nyingi haiumi, ndiyo inavyoharibu macho na figo kimyakimya. Ikishuka ndiyo hupiga kelele: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla. Ukiona hivyo pima, na ikiwa chini ya 3.9 kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena. Ukiwa huna mashine karibu, kunywa kwanza, utapima baadaye.

Ramadhani ikija tutaongea zaidi, na umwone daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada. Kujitoboa kidole mchana hakufunguzi, wanazuoni wengi wamelisema hilo. Ila ukikuta chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua. Mwaka juzi nilifungua saa tisa alasiri, na sikuona haya.

Kuna mambo mashine haiyajui. Haijui presha yako, wala figo, wala kama maziwa yanakuvuruga tumbo. La maziwa utalijua kwa kuyaacha wiki mbili na kuyarudisha, ukiandika. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, wanachokiandika HbA1c, bado ukakifanye kliniki. Na metformini haiulizwi kifuani. Kama inakusumbua tumbo, kama wengi inavyowasumbua mwanzoni, mwambie daktari, kuna namna ya kuimeza na chakula na kuna aina inayoyeyuka polepole. Lakini usiiache kwa kuegemea nyuma. Hili nakuomba kama baba, na ningekuwa karibu ningekushika mikono miwili nikikuomba.

Ukitaka kumpa haki yule mama, fanya kama mama yako alivyofanya. Bahasha 20 za kaki, mtu wa kujaza, mtu mwingine wa kukupa, na orodha ikae chumbani. Mkaribishe hata yeye mwenyewe, kwa heshima. Akipatia 18 nipigie simu usiku huo huo, nitaibadilisha barua hii.

Nimekutumia mashine kwa basi la kesho asubuhi, na kopo mbili za stripu na daftari jipya la kurasa 96. Nimeshachora safu: tarehe, chakula, kiasi, kabla, baada. Mama yako ameweka kilo mbili za maharage kwenye mfuko ule ule, yameshachaguliwa mawe. Jumamosi yaloweke tangu asubuhi, jioni yapike na kitunguu na nazi kidogo kama tulavyo hapa, pakua na mchicha. Nawa mikono, pima, kula, weka kengele ya saa mbili kwenye simu, pima. Halafu nipigie, unitajie namba mbili tu. Nitakuwa macho.

Baba yako.