Riwaya Iliyoshinda Nobel Haipo, Mhariri

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka kumi na minane bila kuwaandikia neno, hata siku mlipochapa ukurasa mmoja mara mbili. Lakini ile habari ya Jumapili, yenye picha ya wanafunzi waliokumbatia vitabu kifuani kama watoto wa komunyo ya kwanza, imenishinda. Mlikisifu chuo kimoja kwa kuanzisha somo la fasihi ya dunia lenye "riwaya kumi na mbili zilizoshinda Nobel", mkaongeza kwamba sasa Uganda inasoma sambamba na ulimwengu.

Riwaya iliyoshinda Nobel haipo. Nobel hupewa mtu kwa kazi zake kwa jumla. Ni mara chache tu tamko la tuzo limetaja kitabu kimoja, kama alivyotajiwa Thomas Mann mwaka 1929. Soyinka 1986, Mahfouz 1988, Gurnah 2021, hakuna kati yao aliyepeleka kitabu mashindanoni. Tuzo inayopewa kitabu ni Booker ya Uingereza, nayo kitabu hupelekwa na mchapishaji, na lazima kiwe kimechapishwa Uingereza au Ireland. Zamani ilikuwa ya Jumuiya ya Madola na majirani wachache. Tangu 2014 uraia hauulizwi tena, ila sharti la mahali pa kuchapishia limebaki palepale. Kitabu kilichochapwa Kampala na kuuzwa Kampala tu hakiingii mlangoni, hata kiwe kizuri namna gani. Kintu, riwaya ya Mganda mwenzetu Jennifer Nansubuga Makumbi, ilitoka Nairobi mwaka 2014, Marekani ikachapishwa 2017, na mwaka 2018 mwandishi wake akapewa tuzo ya Windham-Campbell. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kati ya Nairobi na tuzo. Mwanafunzi asiyefundishwa haya anadhani kuna meza mahali fulani vilipopangwa vitabu vyote vya duniani, na wazee wenye miwani wakaokota kilichozidi vyote.

Hayo ningeyanyamazia. Kilichonishikisha kalamu ni kitini.

Muhula uliopita zilipita mikononi mwangu insha 58 za somo la aina hiyohiyo, katika chuo ambacho sitakitaja, kuhusu The Vegetarian ya Han Kang, mshindi wa Nobel wa 2024. Insha 31 zilimsifu kwa "Kiingereza chake chepesi". Mmoja alitumia ukurasa mzima kuchambua kwa nini mwandishi alichagua neno fulani la Kiingereza na si jingine. Mhariri, Han Kang anaandika Kikorea! Neno lile alilichagua mfasiri wake, Deborah Smith, Mwingereza, na jina lake halikuwamo katika insha hata moja kati ya 58. Wanafunzi si wajinga. Nilikitafuta kitini walichosomea, nikakiona. Kimetolewa fotokopi kuanzia sura ya kwanza. Jalada, ukurasa wa jina la kitabu na ule wa hakimiliki vimerukwa ili kuokoa karatasi mbili, na jina la mfasiri, mwaka na namba ya toleo vinakaa hukohuko. Juu ya hayo, kitabu hakikubanwa vizuri kwenye mashine, basi kivuli cheusi cha mgongo wa kitabu kimemeza herufi tatu nne za mwisho wa mistari katika kila ukurasa wa kushoto, na mwanafunzi anamalizia maneno kwa kubahatisha. Kwa hiyo anasoma Kikorea kilichopita kwa Mwingereza, kikapita kwenye mashine ya Wandegeya, kikamaliziwa na yeye mwenyewe, halafu anaulizwa mtindo wa mwandishi! Na mkasa wa tafsiri hiyo peke yake ungejaza mihadhara mitatu. Mwaka 2016 ilipata Booker ya Kimataifa, ile ya vitabu vilivyofasiriwa, ambayo pauni zake 50,000 hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri, kwa sababu majaji walisoma hadithi ya yule kwa Kiingereza cha huyu. Baadaye wasomaji wa Kikorea wakaonyesha mahali ambapo neno bal, yaani mguu, na pal, yaani mkono, yalichanganywa, na mahali ambapo sentensi kavu za asili zilitiwa nakshi. Wengine wakamtetea mfasiri. Huo ndio mjadala wa chuo kikuu! Mkono ukiwa mguu kuna jambo la kujadili, lakini lazima kwanza ujue kwamba kuna mtu aliyesimama katikati.

Sasa hizo riwaya kumi na mbili. Muhula una majuma kumi na tano ya kufundisha, saa tatu kila juma, jumla 45. Toa juma la utangulizi na mawili ya majaribio, zinabaki saa 36, yaani tatu kwa kila riwaya. Chukua kurasa 300 kwa kila kitabu, ni kurasa 3,600 kwa majuma kumi na mawili. Hizo ni 300 kwa juma, kwa kijana mwenye masomo mengine manne. Anayesoma kurasa 30 kwa saa katika lugha yake ya tatu anahitaji saa kumi kila juma kwa somo hili tu. Hatasoma. Atachukua muhtasari wa intaneti, na mhadhiri anajua, maana hata maswali ya mtihani yametoka kwenye muhtasari uleule. Hata pesa zinagoma: kurasa mbili za kitabu zikiingia karatasi moja, na karatasi ikiwa shilingi 100, kitabu kimoja ni 15,000 na kumi na mbili ni 180,000, kabla ya kubana wala kulipa boda.

Na mtanisamehe, hili nalo. Julai 2022 Baraza letu la Mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima mashuleni. Mwaka huohuo Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa Peponi, yaani Paradise, riwaya ya Gurnah iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Mshindi wa Nobel, mzaliwa wa Unguja, kwa lugha tuliyoambiwa ni yetu rasmi. Orodha ya chuo mlichokisifu inamtaja Gurnah kwa Kiingereza peke yake. Dar tunaifuata kwa mchele na makontena, kitabu ndicho kimekuwa kizito kuvuka mpaka wa Mutukula! Nanyi pia msijitoe. Ukurasa wenu wa vitabu wa Jumamosi mliuua, mahali pake mkaweka mikeka ya kubeti, na sasa mnatuletea fasihi kwa lugha ya mikeka hiyohiyo: nani kashinda, kashinda ngapi.

Mkitaka somo la kweli, vitabu vitatu vinatosha. Majuma matano ya kwanza ni Okot p'Bitek, mshairi wetu wa Kiacholi, kwa sababu hapo tafsiri haihitaji nauli. Song of Lawino ya Kiingereza ilitoka 1966, kwa mkono wa Okot mwenyewe. Wer pa Lawino ya Kiacholi ikachapishwa 1969. Na mwaka 2001 Taban lo Liyong akatoa tafsiri yake nyingine ya Kiingereza. Matini tatu, wafasiri wawili, na darasani hakosekani kijana wa Gulu au Kitgum wa kutusomea Kiacholi kwa sauti. Anzeni na jina la kitabu: wer ni wimbo, na Okot akauacha wimbo; Taban akaugeuza kuwa utetezi. Kwa nini? Saa moja imekwisha na hakuna aliyesinzia. Majuma matano yanayofuata, Gurnah kwa Kiingereza na Peponi kandokando. Yusuf, kijana wa riwaya hiyo, anaondoka na mtu anayemwita uncle, neno la Kiingereza linaloweza kuwa ami, mjomba au baba mdogo, na baadaye Khalil anamkanya kwamba yule si ndugu yake hata kidogo. Kiingereza kinaweza kulificha hilo. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri achague. Nendeni mkaangalie alichagua nini. Han Kang aje mwisho, wakishajua kuuliza.

Kazi ya kila juma iwe ukurasa mmoja tu, usomwe mara tatu, kamusi ifungwe mpaka mara ya tatu. Mtihani utoe aya moja kwa tafsiri mbili zisizo na majina, mwanafunzi aseme kila mfasiri amelinda nini na amepoteza nini. Swali hilo halina muhtasari popote. Kuhusu tuzo zenyewe, saa moja inatosha: watu kumi na wanane wa Akademia ya Uswidi inayotoa Nobel ya fasihi, majina ya waliopendekezwa yanafungiwa miaka 50, na mapendekezo hupelekwa si zaidi ya tarehe 31 Januari. Maprofesa wa fasihi wa vyuo vikuu wana haki ya kupendekeza, wa Kampala wakiwemo. Ningependa mwandishi wenu awaulize kama kuna aliyewahi kuitumia.

Na fotokopi ianze kwenye jalada. Karatasi mbili ni shilingi 200.

Kama hayo ni mengi, basi chuo kinunue zile stika za dhahabu za majalada ya vitabu vyenye tuzo peke yake, kizibandike kwenye vitini. Wachapaji wa Barabara ya Nasser watachapa elfu moja kabla ya saa saba mchana, na ukiwaomba watakutilia na sahihi ya Stockholm.

Msomaji wenu,
Wandegeya, Kampala