Betri kuukuu za sola zinatumwagia sumu

Mhariri,

Mimi ni fundi wa sola hapa Ahero, kaunti ya Kisumu. Naomba nafasi niseme kuhusu betri, maana paneli ndizo zinazosifiwa kila siku ilhali betri ndiyo inayokufa mapema.

Nyumba nyingi ninazoingia zina betri ya madini ya risasi na asidi. Watu huwasha taa na televisheni mpaka umeme ukatike wenyewe, usiku baada ya usiku. Betri ya aina hiyo haifai kutumiwa kupita nusu ya chaji yake. Ukiikausha kila mara, unaiua. Ya lithiamu huvumilia zaidi, ila bei yake wengi hawaimudu.

Na zilizokufa huenda wapi? Juzi nimekuta moja chini ya mwembe, imepasuka, asidi imeunguza nyasi, kuku wanadonoa pembeni. Nyingine huchukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, asidi wakaimwaga mtaroni ili mzigo uwe mwepesi. Inaniuma sana, kwa sababu watoto huchezea hapo hapo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Naiomba serikali ya kaunti iwalazimishe wauzaji kupokea betri kuukuu na kumpunguzia mteja bei ya mpya. Nanyi wanunuzi, msikubali betri isiyoonyesha tarehe ya kutengenezwa.

Fundi wa sola,
Ahero