Kiboko wako hapumui, kaka

Kaka, habari za Mwanza,

Natumaini wewe na shemeji na watoto mko wazima, huku Lindi tupo salama, joto tu ndo linatuchemsha. Ile klipu ya kiboko wako wa katuni nimeiona, na ule ujumbe wa sauti ulioutuma usiku wa manane nimeusikiliza mara tatu. Unasema umekaa nae miezi miwili, anatembea, anafungua mdomo, rangi zimekaa vizuri, lakini ukimwangalia unaona katoni tupu linasukumwa, na unataka kuacha mpaka upate laptopu yenye nguvu. Lile neno la katoni tupu limenikaa kichwani siku kadhaa. Nikaona nisikujibu juu juu kwa meseji, nikuandikie barua nzima, manake kuna kitu nataka ukione kabla hujaamua.

Kuna katuni moja fupi ya zamani sana, ya mwaka 1914, inaitwa Gertie the Dinosaur. Aliichora Mmarekani mmoja, Winsor McCay, alikuwa mchoraji wa katuni za magazeti kule New York. Haina rangi, haina sauti, ni mistari ya wino tu, na stori yake yote naweza kukupa kwa pumzi moja: zama za kale kabisa, kuna milima kuna ziwa kuna pango, na ndani ya pango anaishi dinosa wa kike mwenye shingo ndefu, ndo Gertie mwenyewe, McCay anamwita atoke, anatoka, anaambiwa afanye hiki na kile, vingine anafanya vingine hataki. Basi. Nimeiangalia sijui mara ishirini sasa.

Kwanza angalia anavyotoka pangoni. Hatoki mzima. Anatoa kichwa kwanza, anachungulia, anarudi, anatoa tena, yani kama mtoto aliyeitwa sebuleni kuja kuwaamkia wageni. Akishatoka hafiki moja kwa moja kwa anayemwita, anaona mti, anaung'oa anautafuna wote na mizizi, huku macho yapo kwetu. Hapo hajafanya hata kituko kimoja lakini ushamjua tabia, ana aibu ana njaa na hapendi kuamrishwa. Akiambiwa anyanyue mguu ananyanyua, ila unaona kabisa kwamba anafanya kwa sababu yako, si kwamba anapenda. Halafu katikati ya amri linaibuka joka ziwani nae anasahau kila kitu anageuka kulitazama. Akigombezwa analia. Machozi makubwa kaka, analia kile kilio cha mtoto aliyeonewa.

Mara anatokea mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya, Gertie anamkamata mkia anamrusha ziwani. Watu wa sayansi watakwambia dinosa na mamothi hawakuonana hata siku moja, kati yao kuna miaka zaidi ya milioni 60, na ni kweli, ila McCay alikuwa anatafuta kicheko na mamothi anayeruka angani amekipata. Mamothi kule majini hakubali, anavuta maji kwa mkonga anammwagia Gertie mwili mzima. Baadae Gertie anashikwa na kiu, anainamisha shingo anakunywa ziwa lote mpaka linakauka.

Sasa nifike kwa kiboko wako. Kuna sehemu Gertie anajilaza, amechoka. Usitazame kichwa, tazama tumbo. Linapanda, linashuka. Hakuna kingine kinachotokea na bado huwezi kutoa macho, manake hapo ndo unaamini kwamba ule mwili una uzito, kuna mapafu mle, kuna moyo. McCay hakubahatisha, alichukua saa akapima pumzi zake mwenyewe, kuvuta muda gani na kutoa muda gani, ndo akampa Gertie. Mimi nilirudia hicho kipande peke yangu usiku, kisha nikafungua klipu yako, na nikaona kiboko wako akisimama anaganda kama picha ya ukutani. Hapumui kaka. Anatembea tu.

Na kuhusu hiyo laptopu. Huyu bwana alichora michoro kama 10,000, kwa mkono, kwenye karatasi nyembamba za mchele ambazo unaona karatasi ya chini yake. Zile plastiki angavu za kuweka mandhari chini na mhusika juu yeye hakuzitumia, kwa hiyo milima na ziwa na mawe ilibidi vichorwe upya kwenye kila karatasi, kila moja! Hiyo kazi alimpa kijana mmoja, John Fitzsimmons, akae anakopi mandhari ileile asubuhi mpaka jioni. Ndo maana ukiangalia kwa makini mistari ya milima inatetema kidogo, mkono wa binadamu hauwezi kurudia mstari mara elfu ukafanana. Ule mtetemo mimi naupenda sana, unaona kabisa mtu alikuwepo pale. Pembeni ya kila karatasi waliweka alama za msalaba ili zote zikae sawasawa isije picha ikarukaruka.

Halafu akabuni kitu ambacho wewe unakitumia kila siku kwenye programu yako. Mjongeo aliugawa, anachora mwanzo na mwisho, kisha katikati yake, kisha katikati ya katikati, hivohivo mpaka nafasi zijae. Na pale Gertie anapoyumbayumba au kupumua hakuchora upya kila mara, aliipiga picha michoro ileile ikazunguka. Yani mzunguko, lupu kama mnavyoita nyie. Na hakuficha ujuzi wake. Kuna jamaa alimwendea akidai anaandika makala, McCay akamfungulia kila kitu akamwonyesha, yule jamaa baadae akaenda kuchukua hataza, yani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu, za mbinu za animesheni akamshtaki hata mwenyewe aliyemfundisha. Ikaishia McCay ndo akawa analipwa. Nikisoma hapo roho inaniuma hata kama ni mambo ya zaidi ya miaka mia.

Sasa kilichonifanya nikuandikie hasa. Mwanzoni hii haikuwa filamu ya kuwashwa ikaachwa icheze yenyewe. Tarehe 8 Februari 1914, kwenye ukumbi wa Palace Theatre kule Chicago, McCay alisimama mwenyewe jukwaani pembeni ya skrini na mjeledi mkononi, kama mfunza wanyama wa sarakasi, akawa anaongea na Gertie. Anamwambia inama, mchoro unainama. Anamgombeza, mchoro unalia. Anamrushia tunda la kadibodi, analificha na papo hapo kwenye skrini tunda linatokea Gertie analidaka. Na mwisho anapita nyuma ya skrini, anatokea ndani ya picha akiwa amechorwa, Gertie anambeba mgongoni wanaondoka wote. Fikiria wewe ni mtu wa 1914 umekaa pale! Baadae mwenye magazeti aliyemwajiri, William Randolph Hearst, akambana asizunguke na maonyesho nje ya New York, ndo mwishoni mwa mwaka uleule ikatengenezwa filamu ya kuonyeshwa popote bila yeye. Wakaongeza kipande cha mwanzo cha watu halisi, McCay na mchoraji mwenzake George McManus wako makumbusho wanatazama mifupa ya dinosa, wanawekeana dau la chakula cha jioni kwamba McCay ataweza kumfufua kwa michoro. Maneno ambayo McCay alikuwa anayasema kwa mdomo yakageuzwa maandishi ya Kiingereza.

Niliposoma hivyo nikakumbuka banda la video, sisi tumekaa kwenye benchi lile lililovunjika mguu, muvi ya Kichina, na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, juu yake inatueleza nani kamsaliti nani. Hatukujua Kichina wala Kiingereza na hatukukosa kitu. Nikasema basi Gertie nae anataka mtu wa kusimama pembeni.

Jumamosi nikaazima projekta, nikafunga shuka jeupe ukutani nyuma ya nyumba, wakaja watoto wa mtaa mzima na wa dada yangu wote wanne. Mimi nikasimama kulia kwa shuka, fimbo mkononi, na chungwa mfukoni. Nikaita, "Geti! Geti mwanangu, hebu toka uwaamkie wageni." Kichwa kikachungulia. Watoto kimya kabisa, hata wale wakorofi. Nikawa naongea kabla ya kila kitendo, maana nimeshakariri dakika zote, naacha nafasi ajibu, na ilipofika pale anapogombezwa mimi nikapandisha sauti kidogo kama kazi inavyotaka. Gertie akaanza kulia. Yule wa mwisho wa dada, ana miaka minne, akasimama kwenye mkeka akaja mpaka kwangu akanivuta suruali akasema, "Anko, mwombe msamaha."

Kaka sikuwa nimepanga hilo. Nikageukia shuka nikasema pole Geti, nisamehe, sikukusudia, nikatoa chungwa nikarusha mkono, nikalidondosha ndani ya shati, na kule juu kitu kikaruka kikaingia mdomoni kwake. Yule mtoto akarudi kukaa ametulia kabisa, kwake yeye mambo yameisha, tumeelewana. Mchoro wa wino wa miaka mia na zaidi, wa mtu aliyekufa 1934, na mtoto wa miaka minne hapa Lindi amemwonea huruma mpaka ananituma nimwombe radhi. Nimeandika hii sentensi na machozi yananilengalenga, sikufichi.

Waliporudi kukaa mmoja wa wakubwa akauliza kama huyu ndo yule mjusi wetu wa Tendaguru, kile kilima cha huku Lindi kilichotoa mifupa ya dinosa. Nikamwambia siye, ila kwa shingo ni ukoo mmoja. Na ukihesabu miaka utashangaa. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 mpaka 1913, yani muda uleule ambao McCay yuko na wino wake New York, huku kwetu mababu wanatoa mifupa ya kweli ardhini, ya miaka kama milioni 150, wanaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosa mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Yule dinosa mkubwa wa Tendaguru, mifupa yake bado imesimama Berlin kule Ujerumani, kimo mita 13 na ushee. Ningetamani sana siku moja mtu wa huku amchore, apumue, tena azungumzishwe Kiswahili toka mwanzo, na nikifikiria nani anaweza naona wewe.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Huyo kiboko asitembee kwanza. Mweke amelala kando ya ziwa, hapohapo kwenu, mawe ya Mwanza nyuma yake. Chukua karatasi za kawaida, kioo cha dirisha kitakutosha kuonea karatasi ya chini. Lala wewe mwenyewe, shemeji ashike simu akupimie pumzi, ujue kuvuta ni muda gani na kutoa ni muda gani, halafu kiboko mpe pumzi ndefu zaidi maana ni mkubwa. Karatasi sita tu, au nane, zizunguke. Piga picha kwa simu moja moja usisogeze simu, unga. Akishapumua, mwite jina lake, na usimfanye ageuke hapohapo. Sikio kwanza. Kisha jicho. Akae kidogo kama anafikiria aitike au asiitike.

Ukimaliza nitumie kwa wasapu hata kama ni sekunde tatu, hata kama mistari inatetema. Shuka bado sijalifungua ukutani na projekta mwenyewe kasema nikae nayo mpaka mwisho wa mwezi. Yule mdogo kila jioni anakuja kuuliza Geti amelala au ameamka, nimemwambia kuna kiboko anakuja toka Mwanza, na sasa anauliza kiboko anakula nini.

Msalimie shemeji sana, na mama ukimpigia mwambie nimemkumbuka.

Ndugu yako wa Lindi