Mfuko unaoza wapi, na samaki nani anamlinda?

Kwako Mhariri,

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, sisi wa Amu, yaani mji wa Lamu, tumeletewa vifungashio vya kila namna, na kila anayevileta huapa kwamba chake hakidhuru mazingira. Ilianza ile mifuko laini ya rangi rangi inayofanana na kitambaa. Wengi hawajui mpaka leo kwamba hata hiyo ni plastiki, polipropilini iliyofanywa nyuzi na kugandamizwa. Siku hizi tunaonyeshwa mifuko na vikombe vyenye picha ya jani na neno "inaoza". Naomba nafasi katika gazeti lako niulize: inaoza wapi?

Plastiki iitwayo PLA, inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa, huoza kweli, ila ndani ya mitambo ya mboji yenye joto la kukaribia nyuzi 60. Mitambo hiyo Lamu hatuna, na bahari yetu, pamoja na ukali wote wa jua la kaskazi, haifiki huko hata kidogo. Kikombe cha PLA kikinasa kwenye mikoko kitakaa papo hapo kama plastiki nyingine yoyote. Ziko pia zinazotiwa kemikali ili zivunjike juani. Hizo humeguka vipande vidogo vidogo ambavyo hakuna awezaye kuviokota tena, na Umoja wa Ulaya ulizikataza katika sheria yake ya mwaka 2019. Zisije zikakosa soko huko zikalipata kwetu. Na punda wetu wanaotafuta chakula majaani hawasomi chapa. Wao hula mfuko pamoja na kilichomo.

Mji huu hauhitaji kufundishwa ubaya wa plastiki. Hapa ndipo lilipojengwa jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini 2018 na kufika Unguja mwaka uliofuata. Tunachohitaji ni ukweli ulioandikwa. Shirika la viwango, KEBS, limlazimishe kila anayeuza kifungashio "kinachooza" aandike kinaoza mahali gani, kwa joto gani na kwa muda gani. Asiyeweza kuandika hayo alifute neno lake.

Hata hivyo, kilichonifanya nishike kalamu hasa ni jambo jingine. Tukizungumzia vifungashio, mazungumzo yote huishia kwenye taka. Chakula chenyewe husahauliwa, ilhali kazi ya kifungashio ni kulinda chakula.

Zipo mbinu ambazo wenzetu wamezitumia miaka mingi. Kampuni ya Mitsubishi Gas Chemical ya Japani ilianza mwaka 1977 kuuza vipakiti vyenye unga wa chuma. Ukikitia ndani ya mfuko uliozibwa vizuri, ule unga hushika kutu, na kwa kushika kutu huimaliza oksijeni iliyomo, kwa hiyo mafuta ya korosho au ufuta hayaharibiki ladha upesi. Kina mama wanaofunga korosho wangefaidika nayo. Kwa maembe ya mashamba ya Hindi na Mpeketoni, huku Lamu bara, kuna vipakiti vya kemikali ya pamanganeti vinavyofyonza ethilini, ile gesi ambayo embe moja lililoiva huitoa likayaivisha na mengine yote njiani. Sitaki kukaa sana hapo. Nataka niseme juu ya samaki.

Kabla ya kustaafu nilifanya kazi zahanatini, na chanjo zilikuwa chini ya mkono wangu. Muuguzi yeyote anaijua ile alama ya duara kwenye chupa, katikati yake pana mraba mweupe. Chupa ikipata joto mraba hugeuka rangi, ikipata joto zaidi huzidi, wala haurudi nyuma hata ukiirudisha chupa kwenye friji. Mraba ukilingana rangi na duara, chanjo hiyo haitumiki. Alama hizo ziliwekwa kwenye matone ya polio kuanzia 1996, na zinafanya kazi mpaka kwenye visiwa visivyo na umeme. Hakuna mtambo wala betri. Lebo za namna hiyo zimekwisha kutengenezwa kwa ajili ya vyakula pia. Kwa nini basi kasha la samaki litoke Kizingitini, kisiwani Pate, mpaka Mombasa bila hata moja?

Nitaambiwa kwamba mvuvi humjua samaki kwa macho na mashavu yake. Ni kweli, kwa samaki wengi. Lakini jodari na vibua wakikaa kwenye joto bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama, na inaweza kuwa nyingi kabla harufu haijabadilika. Ukimkaanga, ukimwoka, ukimgandisha tena, histamini haitoki. Mlaji hupata wekundu usoni, mwasho na kichwa kuuma, akadhani ana mzio.

Na hatari huongezeka tukianza kufunga samaki kwa kunyonya hewa, kama inavyopendekezwa kwetu ili tuuze mbali. Hewa ikiondoka, wale bakteria wanaotoa harufu hudhoofika, lakini mmoja anayesababisha sumu ya botulini hupenda mahali pasipo hewa, na aina yake inayopatikana kwa samaki huweza kuota hata kwenye baridi, joto likipanda kidogo tu juu ya nyuzi 3.3. Ndiyo sababu mwongozo wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa samaki mbichi waliofungwa hivyo bila kugandishwa, huelekeza kila pakiti iwe na lebo ya muda na joto. Atakayetuletea mashine ya kunyonya hewa bila lebo ni afadhali abaki nayo.

Watafiti wamefika mbali zaidi: wanachanganya rangi ya rozela au kabichi zambarau na kitosani, inayopatikana kwenye magamba ya kamba na kaa, wakapata utando unaobadilika rangi samaki anapoanza kutoa amonia. Magamba tunayatupa kila siku. Kuyasafisha kunataka asidi na maabara, kwa hiyo hiyo ni kazi ya vyuo vikuu vya Pwani.

Lebo ya joto haihitaji kungoja. Idara ya uvuvi ya kaunti ianze na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, za Faza na Kizingitini, lebo moja kwa kila kasha la barafu, isomwe kasha linapopakiwa na isomwe tena linapopokewa Mombasa. Gharama ichangiwe na hoteli na wenye maduka makubwa, maana wao ndio wanaodai samaki wa kiwango. Barafu ikiyeyuka njiani, itajulikana ni mikononi mwa nani, na mvuvi hatakatwa bei kwa kosa la dereva.

Muuguzi mstaafu,
Langoni, Lamu