RAV4 hiyo usiilipie kwanza

Chake Chake, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima wa afya, na mama anakusalimu sana. Picha ya gari lako la nyumba, hilo la kulala na kupika ndani huko Marekani, tumeiona. Watoto walidhani ni basi la timu ya mpira. Mimi nilijiuliza tu, ungekuja nalo Pemba ungeliegesha wapi? Labda uwanja wa Gombani.

Hilo la kufunga gari dogo nyuma, ili ukifika kambini jumba likae na wewe uende zako sokoni, ni wazo zuri. Ila unasema umeshaona Toyota RAV4 otomatiki na roho imekuangukia hapo, kwa kuwa inakukumbusha ile tuliyokuwa tukiendea ufukwe wa Vumawimbi. Hiyo usiilipie kwanza. RAV4 nimezifungua nyingi na sina ubaya nazo. Ungekuwa wa kuendesha tu, ningekwambia nunua leo. Lakini kuivuta imekanyaga chini matairi yote manne, Toyota mwenyewe hairuhusu.

Nilijifunza kwa fedha yangu. Mwaka wa kwanza wa gereji, otomatiki ya mteja ilizima Mkoani. Nikafunga kamba, nikatia N (gia huru), nikaivuta mpaka Chake, njia nzima najisifu. Kufika, nikachomoa kile kijiti cha oili ya giaboksi: nyeusi tii, inanuka ukoko wa wali ulioungua. Nikaisugua kwa vidole viwili, ikakwaruza kama mchanga. Injini niliitengeneza siku moja. Giaboksi niliinunua mimi.

Kosa lilikuwa hili: pampu ya oili ya otomatiki inazungushwa na injini. Ukizima injini pampu imelala, huku matairi yanaendelea kuzungusha gia za ndani, kavu kavu. Ile N inaikata injini tu, matairi haiyakati. Na mimi nilivuta kama kilomita 30. Wewe unataka kuvuka majimbo.

Ndiyo maana wenzako huko wanapenda Jeep Wrangler. Ina transfa, kile kisanduku cha kugawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, yenye N yake, na hiyo ndiyo inayoyatenga matairi na giaboksi. Utacheka, maana ile ya otomatiki unatia transfa N halafu giaboksi unaiweka P (ya kuegesha), na inavutika! Kama Jeep inakuzidi bei, tafuta Honda CR-V ya 2014 kurudi nyuma. Hiyo ina utaratibu wake wa kupitisha gia na kuacha injini iungurume kidogo kabla ya kuzima, na usiuruke hata ukiwa na haraka ya namna gani. Ya 2015 kuja mbele wameitia giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua), basi iache. Za umeme nazo ziache. Na huyo dalali akikwambia "tia N tu, twende", mjibu kuwa unaye fundi Pemba aliyeshalipa ada hiyo.

Uzito usiupige jicho. Kwenye karatasi za gari lako la nyumba umeandikwa uzito wa mwisho wa msafara wote. Toa uzito wa jumba likiwa limejaa maji, mafuta na nyinyi wenyewe. Kinachobaki ndicho kiasi cha gari unaloweza kuvuta, na ndoano ya nyuma nayo ina kikomo chake; fuata kilicho kidogo.

Breki usifanyie ubahili. Majimbo mengi yanataka gari linalovutwa liwe na breki zake zinazoshika pamoja na za jumba, na hata pasingekuwa na sheria ningekulazimisha. Minyororo ya usalama na taa za nyuma ni hivyo hivyo. Betri iangalie, kwa sababu stelingi lazima iwe wazi, isijifunge, na baadhi ya gari zikikaa hivyo kutwa zinainyonya. Na kurudi nyuma usahau kabisa: ukikwama, shuka, fungua gari dogo, ndipo urudishe jumba.

Ukipata gari, kabla hujatoa hata senti, piga picha ule ukurasa wa kuvutwa kwenye kitabu cha gari hilo hilo, mwaka huo huo, unitumie. Nitausoma usiku nikifunga gereji.

Mama anauliza choo cha hilo jumba kinamwagwa wapi. Nimeshindwa kumjibu, basi mjibu wewe.

Ni mimi fundi wako