Barua kwa mwanangu: kabla hujatoa kidole chako Darajani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Wete sote hatujambo, na kila siku tunakuombea dua kwa masomo yako ya Tunguu. Ami yako kaniambia kwamba wiki hii unataka kwenda Darajani, hapo Unguja mjini, kusajili laini ya pili, kwa kuwa vifurushi vya kampuni nyengine ni nafuu. Sikukatazi. Lakini kabla hujatoa alama ya kidole, soma haya mpaka mwisho.

Pesa zako za kwenye simu, WhatsApp, barua pepe, benki, hata maombi ya mkopo wa masomo, vingi kati ya hivyo, ukisahau neno la siri au ukihamia simu nyengine, hukutumia namba ya uthibitisho kwa meseji. Kwa hivyo anayeishika laini yako, japo kwa nusu saa, ameshika ufunguo wa kila kitu. Wala hahitaji kukuibia simu. Anatafuta jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, kisha anampata wakala asiye mwaminifu na kudai kwamba laini imepotea. Laini yako inakufa mkononi mwako, mpya inawaka kwake.

Dalili yake ni moja: simu inaonesha hakuna mtandao na wenzako wa kampuni hiyo hiyo, hapo hapo ulipo, wanao. Ukiona hivyo usisubiri mpaka asubuhi. Zima simu na uiwashe mara moja. Ikiwa bado, azima simu ya mwenzako, piga huduma kwa wateja, taka laini ifungwe na akaunti ya pesa izuiliwe. Benki wapigie baadaye kidogo, lakini siku hiyo hiyo.

Sasa kuhusu kidole. Mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano, basi uzimaji wa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, ulioanza 20 Januari 2020, ulitufikia na sisi visiwani. Kusudio lake nalikubali: anayetapeli watu ajulikane ni nani. Ila naona kuna tundu kubwa lililoachwa wazi. Kidole kinathibitisha kwamba ulikuwepo, hakithibitishi ulichokikubali. Kioo cha mashine kinamtazama wakala. Akikwambia “hakijasoma, rudia,” huna njia ya kujua kama kweli hakijasoma, au kama cha kwanza kimesajili laini yako na cha pili kinasajili laini nyengine kwa jina lako. Laini hiyo ndiyo itakayouzwa kwa mtu wa kutuma meseji za utapeli za “ile pesa tuma kwenye namba hii”, na aliyeibiwa akienda polisi, jina linalotoka ni lako.

Kwa hivyo usisajili kwenye mwavuli wa njiani, nenda ofisini kwa kampuni yenyewe. Kausha kidole kabla ya kukiweka, maana jasho na ngozi iliyochubuka ni miongoni mwa sababu za kweli za mashine kukataa. Ukiambiwa urudie, omba uoneshwe kioo kwanza. Hilo si utovu wa adabu. Wakishamaliza, hapo hapo kabla hujatoka, piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, usiondoke hapo kabla haijafutwa. Na meseji za matapeli zipeleke 15040, usizifute tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinashikwa na nani na kwa kazi gani. Ni sheria njema. Lakini haki hiyo haina nguvu kwenye meza ya wakala ikiwa kioo hukioni. Ningekuwa na sauti ningetaka kioo kigeuzwe kwa mteja kwa lazima, na kila laini inaporudishwa, kutoa pesa na kubadilisha namba ya siri kuzuiliwe kwa siku nzima. Najua aliyepoteza simu botini atataabika siku hiyo. Taabu ya siku moja ni nyepesi kuliko akaunti iliyokombwa. Neno la siri likiibiwa utalibadilisha. Vidole ni kumi tu, na havibadilishwi.

Mpaka hayo yawe, jilinde mwenyewe. Fungua Mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, uwashe kufuli ya SIM, yaani namba ya siri ya laini yenyewe. Watu wengi hudhani kufunga kioo kunatosha, lakini mwizi huitoa laini, akaitia kwenye simu nyengine, na meseji zote zikamfikia. Namba ya siri ya kuanzia huwa imeandikwa kwenye kadi ya plastiki ulikoibandua laini, pamoja na PUK ya tarakimu 8, ndiyo namba ya kuifungulia laini iliyojifunga. Kadi hiyo itunze. Ukikosea namba ya siri mara 3 utaulizwa PUK, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa.

WhatsApp nayo: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka tarakimu 6 zisizo tarehe yako ya kuzaliwa, na uongeze barua pepe. Ukiacha wazi, mwizi ataziweka zake yeye. Kwa kutumiwa namba ya meseji utaweza kumtoa, lakini wewe mwenyewe huenda ukasubiri siku 7 kuingia.

Barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote, usiiache itegemee namba za meseji. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 imeuweka uthibitisho wa namba za meseji au za kupigiwa simu katika kundi la kutumiwa kwa tahadhari. Tumia programu kama Google Authenticator: hutoa tarakimu 6 mpya kila sekunde 30, kwa kuchanganya siri iliyomo ndani ya simu na saa. Haihitaji mtandao wala kifurushi. Lakini kwa kuwa inategemea saa, saa ya simu ikienda kombo namba zinakataliwa. Iache ijiweke yenyewe. Na ukiuza simu au ukiifuta kabla ya kuhamisha programu hiyo, unaweza kujifungia nje.

Na laini ya zamani usiitupe. Isipotumika kwa muda mrefu, kampuni huifunga na namba ikauzwa kwa mwengine, na meseji zako zitamwendea huyo. Hamisha akaunti zote kwanza.

Google itakupa namba za akiba 10 za kuingilia akaunti yako simu ikipotea, kila moja hutumika mara moja. Ziandike kwa mkono karatasi mbili, usizipige picha. Moja ikae kwako, nyengine itie kwenye bahasha na umpe ami yako anaporudi Pemba, niiweke kabatini pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Mamaako,
Wete